Nina mafundi 17, na simu yangu hainyamazi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi magari, nina miaka 46, na gereji yangu iko Unga Limited hapa Arusha. Nilianza mwaka 2009 na vijana wawili, jeki moja na boksi la spana la kuazima. Leo nina mafundi 17, fundi mkuu anayewasimamia, na mpwa wangu anayekaa stoo. Kazi yetu kubwa ni magari ya watalii, zile Land Cruiser ndefu. Lami inaishia geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo ni vumbi na mawimbi ya barabara mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, na gari likirudi springi zimekatika, bushi zimekwisha, shokapu zinavuja. Kwa hiyo kazi ninayo. Kinachonishinda ni watu.

Watu wangu hawana uchungu na kazi. Nikiwepo, gereji inakwenda. Nikitoka kwenda benki, simu hainyamazi: "Mkuu, tufunge bushi zipi?" "Mkuu, mteja anataka bei." Mwezi uliopita nilikuwa msibani Marangu, tunatupa udongo kaburini, simu inatetemeka mfukoni. Mara tisa. Nilipotoka kando kuangalia, walikuwa wanauliza kama wanunue grisi.

Halafu limetokea hili. Wiki ya pili ya Juni, Alhamisi usiku, gari la kampuni moja inayotupa kazi nyingi lilitakiwa liwe tayari kuondoka alfajiri. Kijana wa breki alikuwa anarudisha matairi ya nyuma. Mimi nikamwita anisaidie kushusha gia boksi ya gari lingine, maana mwenye gari alikuwa amesimama pale pale anasubiri. Tulipomaliza, fundi mkuu naye akamtuma kufunga betri ya gari la tatu. Ilikuwa kama saa 2 usiku. Kijana anasema aliporudi alikuta gari la kwanza limeshashushwa jeki, akajua mwenzake amemalizia.

Asubuhi gari likaondoka na wageni 6. Kabla ya Makuyuni dereva akasikia tairi la nyuma kushoto linagonga, akasimama. Nati mbili zilikuwa zimedondoka na zilizobaki zinazunguka kwa vidole. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Lakini kampuni ile imeondoa magari yake yote 5, na nikalipa 900,000 za gari la kuwachukua wageni na usumbufu.

Nilimwita kijana mbele ya wenzake nikamwambia nitamkata 180,000 kila mwezi mpaka hasara iishe. Analipwa 450,000. Hakubisha. Wiki iliyofuata fundi wangu wa gia boksi, niliyekaa naye miaka 9, akaja kuaga. Nilimwongezea laki moja papo hapo. Akasema, "Hapana mkuu, si hela." Hakuniambia ni nini.

Stoo nako filta na oili zinapungua. Mpwa wangu anasema mafundi wanachukua. Mafundi nikiwauliza wanatazama chini.

Rafiki yangu ananishauri niajiri meneja aliyesomea biashara aje awanyooshe. Nimempata mmoja, anataka 1,200,000 kwa mwezi. Je, nimchukue? Na huyu mpwa, ambaye dada yangu alinikabidhi mkononi, nimfanyeje? Msimu ndio huu, tunafungua saa 1 asubuhi tunafunga saa 3 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nimechoka, mama.

Mwenye gereji, Unga Limited

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na kijana wako. Yule dereva aliyesikia tairi akasimama, natumaini umeshampigia kumshukuru. Kama bado, mpigie leo. Watu sita na yeye wa saba wako hai kwa sababu alizima redio akasikiliza gari lake, au alikuwa hajaiwasha kabisa.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara narudi pale pale, Alhamisi saa 2 usiku. Hebu tumfuate huyo kijana mkono kwa mkono. Ameshika wili spana. Nati ameshazirudisha kwa vidole, zinasubiri kukazwa. Sauti ya mwenye gereji inamwita. Niambie wewe, kuna kijana gani Unga Limited nzima atakayekujibu, "Subiri mkuu, nimalize hapa"? Ameacha spana amekuja. Umemwachia, anataka kurudi, fundi mkuu anamtuma kwenye betri. Ndani ya saa moja amepewa kazi tatu na watu wawili, na hao wawili hawakuambiana. Akirudi anakuta gari limesimama kwenye matairi yake. Gari lililoshushwa jeki linaonekana limekwisha, hata wewe ungeliona limekwisha.

Halafu unaniambia hana uchungu na kazi. Mwanangu, uchungu alikuwa nao. Alikuja mbio ulipomwita.

Nakuambia hivi bila kukuhukumu, maana mimi mwenyewe nimepita hapo. Nilikuwa msimamizi wa meza za kuchambua buni kwenye kiwanda kimoja cha kahawa Moshi, miaka mingi iliyopita. Mkuu wa uzalishaji alitaka punje zote zilizovunjika zitolewe. Mkuu wa mauzo akipita mezani anawaambia kina mama waache zile ndogo zipite, mzigo unachelewa. Mwisho wa wiki magunia 40 yakarudishwa kuchambuliwa upya. Mimi nikasimama kuwafokea kina mama. Mmoja, mtu mzima kuliko mimi, akainua viganja vyake juu ya meza akasema, "Mama, yule kasema hivi, huyu kasema vile, na mikono ni hii miwili." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Hili jambo ni la zamani kuliko mimi na wewe. Mfaransa Henri Fayol, injinia wa migodi aliyeongoza kampuni kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1916 kanuni 14 za kuongoza shirika. Mojawapo ni kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja. Zaidi ya miaka mia imepita, mashirika yamebadilika sana, lakini kanuni hiyo imebaki kwa sababu mikono ya mtu haijaongezeka.

Sasa utaona kwa nini swali lako la meneja nalijibu hapana. Si sasa. Ukimleta mwezi huu, vijana wako watakuwa na wakubwa watatu: wewe, fundi mkuu, na huyo mgeni wa 1,200,000 ambaye hajui bushi wala springi. Utaendelea kuwaita kwa majina kutoka upande wa pili wa uwanja kama kawaida yako, naye atakaa ofisini anaandika ripoti ambazo huna muda wa kuzisoma. Gereji yenye watu 19 inaweza kuhitaji meneja siku moja. Kwanza ipate fundi mkuu, maana uliye naye sasa ana jina tu.

Huyo fundi mkuu umemtaja mara mbili katika barua nzima, na sehemu zote mbili hana uzito. Simu tisa za msibani zilikupigia wewe, hazikuishia kwake. Nadhani ulimpa cheo kwa sababu ni hodari wa injini. Sivyo? Wengi hufanya hivyo, na si vibaya. Lakini kusimamia watu 17 ni kazi nyingine kabisa, na hakuna aliyemfundisha, kama wewe ambavyo hakuna aliyekufundisha. Mkae wawili, nje ya gereji, mle chakula, umuulize anaogopa kuamua nini. Kisha mwandikie kwenye karatasi moja mambo ambayo kuanzia Jumatatu hahitaji kukuuliza: kupanga fundi gani ashike gari gani, kununua spea mpaka kiasi fulani, tuseme 300,000, kumpa mteja wa kawaida bei kwa orodha mliyokubaliana, kumruhusu mtu mwenye dharura aende nyumbani. Juu ya hapo, akupigie. Mwongezee posho ya usimamizi, na uwasomee mafundi wote karatasi hiyo yeye akiwa amesimama kando yako.

Hapo ndipo patakuwa pagumu kwako. Utamwona kijana anafunga kitu kwa namna ambayo wewe usingefunga, na mdomo utafunguka wenyewe. Ufunge. Mtafute fundi mkuu, umwambie yeye. Kama ni hatari ya breki au jeki linateleza, piga kelele haraka, hakuna utaratibu wa kusubiri pale. Lakini kwa mengine yote, ukimruka mara moja tu mbele ya watu, karatasi ile haina kazi tena na simu zitarudi.

Na simu zenyewe, jiulize zilianzaje. Mara ya mwisho fundi alipoamua mwenyewe, akakosea kidogo, ulimwambia nini? Kama alifokewa, wenzake waliona, wakajifunza kwamba kuuliza hakuna gharama ila kuamua kuna gharama. Hata mimi ningekupigia kaburini.

Kila asubuhi kabla spana haijashikwa, mkusanyike mbele ya ubao dakika kumi. Ubao wa kawaida wa chaki, uwekwe mahali hata mwanafunzi wa ufundi anauona. Namba ya gari, kazi yake, linatoka lini, na jina la fundi mmoja. Jina moja tu. Wasaidizi wanaweza kuwa watatu, lakini mwenye gari lile awe mmoja mpaka linatoka getini. Akihamishwa, fundi mkuu anafuta jina anaandika la mwingine, na yule anayeondoka anamwonyesha anayeingia alipofikia: nati hizi bado, hii imekazwa. Gari likimalizika, mtu wa pili ambaye hakulifunga anazunguka na wili spana kila tairi, anaangalia breki na usukani, anasaini. Bila saini mbili geti halifunguliwi, hata mteja akipiga honi. Hata ukiwa ni wewe unayeliendesha.

Kuna kitu kingine ambacho barua yako haikusema. Nina hakika usiku ule kuna mtu zaidi ya mmoja aliyeliona gari lile akajiuliza kama limekazwa. Pengine hata aliyelishusha jeki. Akanyamaza. Wewe unayezifungua Land Cruiser kila siku utalipenda hili: kwenye viwanda vya Toyota kule Japani, juu ya mfanyakazi ilipita kamba, na yeyote aliyeona kasoro, hata wa chini kabisa, alikuwa na ruhusa ya kuivuta. Kiongozi wake anakuja mara moja, na kama kasoro haijatatuliwa mstari mzima unasimama. Hawakufanya hivyo kwa upole. Waliona kwamba kasoro inayokamatwa pale pale ni rahisi kuliko ile inayogunduliwa barabarani. Wape vijana wako kamba hiyo kwa maneno. Mtu yeyote, hata aliyeanza jana, akisema "hili lisitoke", halitoki mpaka liangaliwe. Atakayezuia na ikaonekana lilikuwa sawa, umshukuru kwa sauti ile ile ambayo ungetumia kama angekuwa sahihi. Siku utakayomcheka mmoja, hutasikia tena neno.

Tuje kwenye fedha ya kijana, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haikuruhusu ulichokifanya. Ili umkate mfanyakazi kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokana na kosa lake, umpe kwa maandishi chanzo na hesabu yake, umpe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Robo ya 450,000 ni 112,500. Wewe umetaja 180,000, kwa mdomo, mbele ya watu, na kosa lenyewe tumeshaona limepita mikononi mwa watu watatu, mmoja wao ni wewe. Ukiniuliza mimi, usimkate hata shilingi.

Na saa zenu. Saa 1 asubuhi mpaka saa 3 usiku ni saa 14. Toa moja ya chakula, 13. Sheria hiyo hiyo inasema mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata kama mmekubaliana. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Ninyi mnafanya 78. Hizo 33 za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na haziruhusiwi kuzidi 50 katika wiki nne, maana yake ninyi mnazimaliza kabla wiki ya pili haijaisha. Sikutishi na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayosikiliza migogoro ya kazi, ingawa fundi yeyote anaweza kwenda pale. Nataka uone kwamba nati ziliachwa na mtu aliyekuwa amesimama tangu saa 1 asubuhi. Gawa zamu mbili msimu huu: nusu waingie saa 1 watoke saa 10 jioni, nusu waingie saa 5 asubuhi watoke saa 2 usiku, kila mmoja na saa yake ya chakula, Jumamosi iwe nusu siku. Mchana, magari yanapojaa, mtakuwa wote. Siku ya mzigo mkubwa, omba wa kubaki na uwalipe ziada yao. Msimu unakwenda mpaka Oktoba, na hakuna mtu anayekaza nati vizuri kwa miezi minne ya namna yenu.

Yule wa gia boksi amekuambia ukweli wote kwa maneno mawili. Miaka 9 kakaa na wewe, ameona mwenzake anasimamishwa kama mwizi kwa kosa la gereji nzima, akajiona yeye mwenyewe pale siku ijayo. Usimfuate na pesa. Ukishatengeneza haya, mtembelee umwambie umebadilisha nini, bila kumwomba arudi. Akirudi, heri. Asiporudi, bado ni fundi wa gia boksi hapa mjini na utamhitaji. Kwa waliobaki, kaa na kila mmoja robo saa mwezi huu, peke yake, umuulize kitu kimoja kinachomchelewesha kazini, uandike anachosema, na utimize angalau kimoja kabla ya mwisho wa mwezi. Wengine watasema hakuna. Rudi mwezi ujao.

Mpwa wako simwiti mwizi, wala wewe usimwite, maana stoo haina daftari na pasipo daftari kila mtu ni mshukiwa, yeye wa kwanza. Mafundi wanatazama chini kwa sababu hawawezi kukusemea mtoto wa dada yako. Nunua daftari la nakala tatu. Spea haitoki bila namba ya gari, jina na saini ya anayechukua. Ya zamani inarudishwa ndipo mpya itoke. Kila Jumamosi mchana stoo ihesabiwe na fundi mkuu pamoja na fundi mmoja, wakibadilishana. Mpwa ajibu kwa fundi mkuu kama wengine, na ndani ya geti wewe ni mkuu wake, anko aiache nyumbani. Mpe miezi mitatu. Kama hesabu inakaa sawa, umemsafisha jina mbele ya watu, na hilo ni zawadi kubwa kwa kijana. Kama haikai, utakwenda kwa dada yako na daftari mkononi, hutakwenda na maneno ya kusikia. Mweleze dada mapema kwamba utaratibu umebadilika kwa wote, asije akausikia kwa mtoto.

Yote haya huwezi kuyaanza siku moja, na katikati ya msimu utayumba. Anza na ubao na saini mbili, hizo hazisubiri. Karatasi ya fundi mkuu ifuate ndani ya wiki, zamu baada ya hapo, stoo mwisho wa mwezi.

Lakini kabla ya ubao, kesho asubuhi wakiwa wamekusanyika, mwite yule kijana wa breki. Kama ulishamkata, mrudishie fedha yake mkononi. Waambie wote kwamba usiku ule ulimtoa kwenye tairi wewe mwenyewe. Useme hapo hapo mbele yao, maana ulimwadhibu hapo hapo mbele yao.